Kupima mikoko ya delta ya Rufiji kwa picha za Sentinel-2: mwongozo wa hatua kwa hatua

Ukitaka kujua mikoko ya delta ya Rufiji imeongezeka au imepungua kwa hekta ngapi, huhitaji kununua picha. Setilaiti za Sentinel-2 za mpango wa Ulaya wa Copernicus hupita juu ya delta mara kwa mara, na picha zake hutolewa bure kwa yeyote mwenye akaunti. Fomula za kutumia ni fupi na mtoto wa sekondari anaweza kuzikokotoa. Kazi huharibika kabla ya kufika kwenye fomula: picha mbili zimepigwa maji yakiwa katika hali tofauti, namba ya uchakataji kwenye jina la faili haikusomwa, wingu halikuondolewa vizuri, au pikseli ya mita 20 imehesabiwa kama ya mita 10. Hayo ndiyo tutakayokaa nayo muda mrefu.

Rufiji tumeichukua kwa sababu ndiyo penye kipande kikubwa kuliko vyote cha mikoko iliyoshikana katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwa sababu ni pagumu: mashamba ya mpunga yameingia ndani ya mikoko, minazi na mikorosho iko kandokando, na maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku. Atakayeweza Rufiji, Lamu au Vanga hakutamshinda.

Setilaiti inaona nini

Sentinel-2A ilirushwa tarehe 23 Juni 2015, Sentinel-2B tarehe 7 Machi 2017, na Sentinel-2C tarehe 5 Septemba 2024, zote kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa. Mwanzoni mwa 2025 ya 2C ilichukua zamu ya 2A. Huzunguka kwenye kimo cha kilomita 786, zikipiga ukanda wenye upana wa kilomita 290. Moja peke yake hurudi mahali pale pale baada ya siku 10. Zikiwa mbili zinazopishana, ni siku 5.

Kamera yake hupima mwanga katika bendi 13. Nne zina pikseli ya mita 10: B02 (bluu), B03 (kijani), B04 (nyekundu) na B08 (infraredi ya karibu). Sita zina pikseli ya mita 20, na kati ya hizo utakayoihitaji sana hapa ni B11, infraredi ya mawimbi mafupi, yenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 1,610. Tatu zilizobaki ni za mita 60, zilizowekwa kwa ajili ya kupima hali ya hewa iliyo kati ya setilaiti na ardhi. Usijaribu kupima miti kwa hizo.

Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha infraredi ya karibu kwa wingi. Maji hunyonya B11 karibu yote. Mikoko ina vyote viwili kwa pamoja, majani mabichi mwaka mzima juu ya tope lililolowa, na ndiyo maana B11 huitenga na msitu wa nchi kavu hata pale ambapo kwa macho vyote ni kijani.

Vya kuandaa

Kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 8 inatosha, pamoja na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Sakinisha QGIS, ambayo ni programu ya bure ya kuchora na kuchambua ramani. Fungua akaunti kwenye tovuti ya Copernicus Data Space (browser.dataspace.copernicus.eu). Miongozo mingi ya zamani inakuelekeza kwenye kituo kilichoitwa Open Access Hub. Hicho kilifungwa mwaka 2023, usipoteze muda kukitafuta.

Kifurushi kimoja cha picha kamili kina ukubwa wa karibu GB 1. Kama unatumia bando la simu, usipakue kifurushi kizima: fungua maelezo ya picha kwenye kivinjari cha Copernicus, ingia kwenye folda zake, na uchukue mafaili unayohitaji tu. Kwa kazi hii ni matano: B03, B04 na B08 kutoka folda ya R10m, B11 na SCL (ramani inayoonyesha kila pikseli ni wingu, maji au uoto) kutoka folda ya R20m. Njia nyingine ni kuchora eneo lako na kupakua picha iliyokatwa tayari, lakini soma ukubwa wa pikseli unaoonyeshwa kabla ya kubonyeza. Eneo likiwa kubwa, kivinjari hukupa pikseli pana kuliko mita 10 bila kupiga kelele.

Hatua ya 1: chora mpaka wa eneo

Chora poligoni ya delta ndani ya QGIS ukitumia mfumo wa majira EPSG:32737, yaani UTM kanda ya 37 kusini, ambao ndio mfumo wa picha zenyewe kwa ukanda huu wa pwani. Ukichora kwenye Google Earth, faili litakuja katika digrii za latitudo na longitudo. Ligeuze kwanza, la sivyo maeneo utakayopima baadaye yatatoka katika vipimo visivyo na maana.

Mpaka upite nje ya mikoko kwa kilomita mbili au tatu upande wa nchi kavu. Utahitaji kuona msitu wa kawaida, mashamba na minazi ili ujue mikoko inatofautianaje navyo. Upande wa bahari acha kilomita moja tu. Maji ya wazi hayakusaidii, na huleta mng'ao wa jua.

Hatua ya 2: chagua tarehe kwa mwezi wa angani, kisha kwa mvua

Hapa ndipo kazi nyingi za pwani zinapokosea. Kila inapopita juu ya pwani yetu, setilaiti hupita kati ya saa nne na nusu na saa tano asubuhi. Maji ya bahari hayana saa hiyo moja. Kwenye pwani ya Tanzania, siku za bamvua, yaani za maji makubwa, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi hadi saa kumi na moja, alfajiri na alasiri, na kupwa kabisa kunaangukia saa nne hadi saa tano asubuhi. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu na maji yakipanda na kushuka kidogo, mambo hugeuka: saa hiyo hiyo ya setilaiti maji huwa yamejaa.

Kwa hiyo picha ya bamvua huonyesha tope lote likiwa wazi na mikoko ikiwa kavu hadi mizizini. Picha ya maji mafu huonyesha maji chini ya miti, na miche midogo ya ukingoni inaweza kuzama nusu. Ukilinganisha picha ya bamvua ya mwaka mmoja na ya maji mafu ya mwaka mwingine, ukingo wa mikoko "utasogea" bila mti hata mmoja kukatwa wala kuota.

Kwa mikoko chagua bamvua. Hesabu yake ni nyepesi: bamvua hurudi baada ya siku 14 na robo tatu hivi, na mapito matatu ya setilaiti ni siku 15. Ukishapata tarehe moja yenye maji unayoyataka, ruka mapito mawili uchukue la tatu, na utakuwa karibu na maji yale yale. Kadiri miezi inavyopita tofauti hujilimbikiza, kwa hiyo hakikisha kwa jedwali la kujaa na kupwa la bandari ya Dar es Salaam. Andika kimo cha maji cha saa ya picha pembeni ya kila tarehe. Picha mbili za kulinganishwa zisiachane kwa zaidi ya nusu mita. Kumbuka pia kwamba ndani ya mito ya delta maji huchelewa kuliko baharini, hivyo jedwali linakupa mpangilio, halikupi kimo halisi cha kila mfereji.

Baada ya maji, tazama mvua. Masika, Machi hadi Mei, hufunika pwani kwa mawingu, na mashamba ya delta hujaa maji na mpunga mbichi. Mafuriko ya Aprili 2024 katika Rufiji na Kibiti ni mfano wa kipindi ambacho picha zake zinafaa kupima mafuriko, si mikoko. Tumia Juni hadi Septemba. Kipindi cha Januari na Februari kinafaa pia, ila jua huwa karibu na utosi na maji hung'aa kwenye picha. Tarehe za miaka yote unayolinganisha zitoke katika msimu mmoja.

Pamoja na picha hiyo kuu, tafuta ya pili ya mwaka huo huo ya wakati mpunga umeshavunwa na mabua yamekauka, kwa mfano Septemba. Itakuokoa katika Hatua ya 6.

Hatua ya 3: tafuta, na usiamini asilimia ya wingu

Kwenye kivinjari chagua Sentinel-2, kiwango cha L2A. Kiwango cha L1C ni mwanga kama ulivyofika kwenye setilaiti, ukiwa umechanganyika na ukungu na vumbi la hewani. L2A imeshaondolewa athari ya hewa hiyo na namba zake ni uakisi wa ardhi yenyewe, yaani sehemu ya mwanga ambayo ardhi inairudisha. Kwa kulinganisha miaka tumia L2A tu, na usichanganye viwango viwili.

Usiweke kichujio cha wingu chini ya asilimia 10 kama wengi wanavyofanya. Asilimia hiyo ni ya kigae kizima, yaani kipande kimoja cha picha chenye upande wa karibu kilomita 110. Kigae chenye wingu asilimia 60 kinaweza kuwa na delta iliyo wazi kabisa bila hata doa la wingu, na chenye asilimia 8 kikawa na wingu lote limelala juu ya mikoko yako. Weka kichujio asilimia 80, kisha fungua kila picha uitazame kwa macho. Kazi ya robo saa.

Hatua ya 4: soma jina la faili

Jina lina sura hii:

S2B_MSIL2A_20230712T073619_N0509_R092_T37M..

S2B ni setilaiti. MSIL2A ni kamera na kiwango. Kisha tarehe na saa. Saa hiyo ni ya UTC, ongeza tatu kupata ya kwetu. N0509 ni toleo la uchakataji. R ni namba ya njia ya setilaiti, na T37M ni mwanzo wa jina la kigae: kanda ya 37, na ukanda wa latitudo M unaoanzia ikweta hadi nyuzi 8 kusini. Kusini ya hapo, kuelekea Kilwa na Mtwara, herufi ni L. (Tarehe na namba hapo juu ni za kuonyesha mpangilio tu.)

Herufi N na namba zake ndizo zenye mtego. Zamani, namba ya pikseli ilikuwa uakisi uliozidishwa kwa 10,000. Kuanzia tarehe 25 Januari 2022, toleo N0400 liliongeza 1,000 juu ya kila pikseli. Sababu yake ni njema: juu ya maji meusi na vivuli, hesabu ya kuondoa athari ya hewa wakati mwingine hutoa jibu hasi, na zamani majibu hayo yalikuwa yakikatwa. Lakini asiyejua huumia. Uakisi halisi ni:

N0400 na kuendelea: (namba − 1000) ÷ 10000
Chini ya N0400: namba ÷ 10000

Tazama inavyoharibu. Mkoko wenye afya una uakisi wa 0.03 kwenye B04 na 0.25 kwenye B08. Katika faili jipya pikseli zitasoma 1300 na 3500. Ukiondoa 1000 kwanza, NDVI (kipimo cha ubichi wa uoto, fomula yake iko Hatua ya 6) ni (2500 − 300) ÷ (2500 + 300), yaani 0.79. Ukisahau, ni (3500 − 1300) ÷ (3500 + 1300), yaani 0.46. Ukilinganisha na picha ya 2019 ya toleo la zamani, msitu wote utaonekana umekauka, na ramani itakuwa nzuri, yenye rangi nyekundu kila mahali, na ya uongo mtupu.

Usiamue kwa mwaka wa picha. Picha nyingi za zamani zimechakatwa upya na kupewa toleo N0500, nazo zina hiyo 1,000 ingawa zilipigwa kabla ya 2022. Soma N. Na kama hukupakua mafaili bali unafanya kazi ndani ya Google Earth Engine, huduma ya Google ya kuchakata picha mtandaoni, tumia mkusanyo wenye neno HARMONIZED kwenye jina lake. Huo umeshasawazishwa, kwa hiyo usiondoe 1000 mara ya pili.

Hatua ya 5: fungua, linganisha pikseli, ondoa wingu

Ingiza mafaili matano ndani ya QGIS. B11 na SCL ni za mita 20, na lazima zigeuzwe kuwa mita 10 ili ziketi sawasawa juu ya nyingine. Tumia kifaa cha kubadili makadirio kilicho kwenye menyu ya rasta (rasta ni picha au ramani iliyoundwa kwa pikseli). Weka ukubwa wa pikseli 10 na mipaka ile ile ya B04.

Kifaa kitakuuliza njia ya kukadiria pikseli mpya. Kwa B11 chagua bilinia. Kwa SCL chagua jirani wa karibu, na hapa hakuna mjadala. SCL ni ramani ya makundi: 3 ni kivuli cha wingu, 4 uoto, 5 ardhi tupu, 6 maji, 8 na 9 mawingu, 10 wingu jembamba la juu. Bilinia huchukua wastani wa majirani, na wastani wa 4 na 8 ni 6. Kila ukingo kati ya miti na wingu utapata utepe wa "maji" ambao haupo duniani.

Kabla ya kuondoa wingu, lione. Weka B08 kwenye nyekundu, B11 kwenye kijani na B04 kwenye bluu. Mikoko itatoka rangi ya chungwa iliyokolea kuelekea wekundu, ikiwa na weusi ndani yake. Msitu wa nchi kavu utakuwa mwepesi na wa njano zaidi. Tope la bahari litakuwa giza. Ukishaizoea picha hii utagundua makosa mengi kwa jicho kabla ya kompyuta. Ukiona doa lenye pindo za rangi kama za upinde wa mvua, ni ndege au wingu la juu: bendi hazipigwi kwa sekunde ile ile, na kitu kinachokwenda au kilicho juu sana huachana na nafsi yake.

Sasa kinyago cha wingu, yaani ramani ya pikseli za kutupa. Ondoa 0 na 1 (pikseli zisizo na data au zenye kasoro), 3, 8, 9 na 10. Kundi la 2, maeneo ya giza na vivuli vya milima, liache ndani: delta ni tambarare, hakuna mlima wa kutupa kivuli, na kinachoangukia humo mara nyingi ni tope lililolowa au mikoko minene yenyewe. Kisha panua kinyago kwa mita 100 kila upande, kwa sababu SCL hushika kiini cha wingu na kuacha ukungu wa pembeni. Pitia kwa macho mara ya mwisho. Mabati mapya na mchanga mweupe huitwa wingu. Vipande vidogo vya mawingu ya asubuhi, vile vya kusi, wakati mwingine haviitwi chochote. Hivyo vizungushie poligoni kwa mkono.

Hatua ya 6: kokotoa na utenge mikoko

Kwenye kikokotoo cha rasta, geuza kwanza kila bendi kuwa uakisi kwa fomula ya Hatua ya 4, kisha:

NDVI = (B08 − B04) ÷ (B08 + B04)
MNDWI = (B03 − B11) ÷ (B03 + B11)

NDVI hupima ubichi wa uoto, MNDWI hutenga maji. Pikseli yenye MNDWI kubwa kuliko sifuri ichukulie kuwa maji kwa kuanzia.

Wanaotumia amri ya gdal_calc badala ya QGIS wawe macho. Mafaili haya yamehifadhiwa kama namba kamili zisizo na alama ya hasi, na programu hiyo hukokotoa kwa aina ile ile ya namba. Ukitoa 3500 kwenye 1300 hupati −2200, unapata 63336. Andika .astype(float) baada ya herufi ya kila bendi, kwa mfano A.astype(float). Dalili ya kosa hili ni maji ya bahari kuwa na NDVI kubwa kuliko msitu.

Kutenga mikoko, anza na masharti matatu kwa pamoja: NDVI iwe juu ya 0.5, uakisi wa B11 uwe chini ya 0.18, na MNDWI iwe chini ya sifuri. Namba hizi ni za kuanzia tu. Chora poligoni 20 hivi mahali unapojua kwa hakika pana mikoko, na nyingine 20 kwenye minazi, mikorosho, mpunga na msitu wa kawaida. Soma namba za kila kundi na usogeze mipaka pale makundi yanapoachana. Mikoko ya mchu iliyo nyuma, kwenye chumvi nyingi, ni mifupi na yenye nafasi kati ya mti na mti. NDVI yake inaweza kuwa 0.4 au chini, na ukikaza sharti la kwanza utaipoteza yote.

Mpunga mbichi ulio majini ndio adui mkubwa. Katika picha moja una NDVI kubwa na B11 ndogo, sawasawa na mkoko. Hapa ndipo picha ya pili inapofanya kazi: mikoko haipukutishi majani, mpunga huvunwa. Kokotoa NDVI ya tarehe zote mbili, chukua iliyo ndogo kwa kila pikseli, na uitumie hiyo kwenye sharti la kwanza. Mashamba yatadondoka yenyewe.

Wengine huongeza sharti la mwinuko, kwamba mikoko haiwezi kuwa juu ya mita 5 kutoka usawa wa bahari. Wazo ni sahihi, data ndiyo inayosaliti. Ramani za mwinuko za bure, kama ile ya Copernicus yenye pikseli ya mita 30, hupima vilele vya miti, si udongo. Mkoko wa mita 20 uliosimama kwenye mita 1 utasomeka karibu mita 20. Ukitumia sharti hili, weka kikomo cha mita 35 au zaidi, likusaidie kuondoa vilima tu.

Mwisho wa hatua hii utakuwa na rasta ya 1 na 0. Ipitishe kwenye kifaa cha kuchuja vipande vidogo, ukiondoa vyenye chini ya pikseli 10. Mkoko mmoja mmoja haupimwi kwa Sentinel-2, na mfereji mwembamba kuliko mita 10 hauonekani.

Hatua ya 7: hesabu hekta

Tumia ripoti ya thamani za rasta iliyo kwenye kisanduku cha zana cha QGIS. Itakupa idadi ya pikseli na mita za mraba. Hakiki kwa kichwa: pikseli ya mita 10 ni mita za mraba 100, hivyo pikseli 100 ni hekta 1. Pikseli ya mita 20 ni mita za mraba 400, pikseli 25 kwa hekta. Jibu lako likiwa mara nne ya ulilotarajia, au robo yake, umechanganya hizi mbili.

Hatua ya 8: nenda ukaone

Ramani isiyokaguliwa ni kisio. Toa pointi kwa bahati nasibu, zisipungue 50 kwa kundi la mikoko na 50 kwa lisilo mikoko, na usizisogeze kwenda karibu na njia kwa sababu ni rahisi kufika. Misitu ya mikoko Tanzania ni hifadhi ya serikali, kwa hiyo pata kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kabla ya kuingia. Nenda na mwenyeji mwenye mtumbwi anayejua mito. Mingi huingilika maji yakiwa yamejaa tu, na Rufiji ina mamba na viboko. GPS ya simu chini ya miti minene hupotea kwa mita 10 au zaidi. Simama angalau mita 20 ndani ya kipande unachokagua, na kama pointi imeangukia ukingoni iandike hivyo.

Jina la mti liandikwe pia: mkoko, mkandaa, mchu, mlilana, mkomafi. Mwaka ujao utajua ni aina gani ramani yako inaikosa.

Ikiwa katika pointi 60 ambazo ramani imesema ni mikoko umekuta mikoko 54, basi katika kila hekta 1,000 za ramani takriban 100 si mikoko. Hesabu pia upande wa pili, mikoko iliyoachwa nje. Hekta zirekebishwe kwa makosa yote mawili ndipo zitajwe.

Hatua ya 9: linganisha miaka

Toa ramani ya mwaka mmoja kwenye nyingine. Kabla ya kutangaza hasara, tazama sura ya mabadiliko. Utepe wa pikseli moja unaofuata kingo zote za mto, upande mmoja ukiwa "umepotea" na wa pili "umeongezeka", ni picha zilizoteleza. Za miaka ya kwanza zinaweza kuachana na za sasa kwa karibu pikseli nzima. Utepe unaofuata ukingo wa bahari pande zote ni maji. Duara lenye kivuli chake pembeni ni wingu. Ukataji wa kweli kwa ajili ya shamba huwa na kingo zilizonyooka, huanzia kwenye njia au mto, na hubaki katika picha zote zinazofuata. Mmomonyoko hula upande wa nje wa kona ya mto, na upande wa ndani miche huota.

Sababu ya mabadiliko setilaiti haikuambii. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022 huko juu ya mto, na mwenendo wa maji baridi na tope yanayofika delta hauwezi kubaki ule ule. Lakini pikseli iliyokauka mwaka 2024 inaweza kuwa ya chumvi, ya mafuriko, ya panga au ya mchanga uliofukia mizizi. Sema kilichobadilika na wapi. Kwa nini kilibadilika uliza watu wa delta yenyewe, wa Nyamisati na visiwani.

Katika ripoti, andika majina kamili ya mafaili yote uliyotumia, pamoja na namba zake za N, kimo cha maji cha kila picha, mipaka ya NDVI na B11 uliyoishia nayo, hekta zilizofunikwa na wingu kila mwaka, na jedwali la ukaguzi. Eneo lililokuwa chini ya wingu katika mwaka mmoja liondolewe katika miaka yote miwili, hata kama mwaka wa pili lilikuwa wazi.